Benchi Lililopigwa Msasa

Baba yangu alikuwa mchongaji, na lile benchi la mninga lililokuwa uani kwetu Shangani alimchongea mama. Kwenye kiegemeo alichonga matawi ya mkorosho, na katikati ya majani akamchonga mama mwenyewe, ameinama anaokota korosho. Upepo wa chumvi uliigeuza mbao ikawa ya kijivu, yenye nyufa hapa na pale.

Baba alipofariki, kazi ya kulitunza ikawa yangu. Kila mvua zikiisha nililisugua kwa brashi laini na maji ya sabuni, nikatoa ukungu kwenye mikunjo ya majani, nikaliacha likauke kivulini, kisha nikalipaka mafuta ya mbao kwa kitambaa. Halikung'aa, wala sikutaka ling'ae. Mama ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini jioni alikuwa akiketi pale na kupitisha vidole kwenye ile sura ndogo.

"Baba yako alinipa pua kubwa," alisema mara nyingi, huku akicheka.

Mwaka jana kaka yangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam. Siku moja nilikuwa Rahaleo, ninakofundisha. Niliporudi nilikuta vumbi la mbao limetapakaa uani na benchi linang'aa kama meza ya hotelini. Alikuwa amemwita fundi mwenye mashine ya msasa, akalisugua lote na kulipaka vanishi.

"Lilikuwa limechakaa mno," aliniambia. "Nilitaka kumfurahisha mama."

Majani yalionekana kwa mbali tu. Ile sura haikuwepo tena.

Tulimtoa mama nje, akakaa. Alipapasa kiegemeo taratibu, akarudia.

"Hili benchi la nani?"

"Ni lako, mama," kaka akasema. "Nimelifanya jipya."

Mama aliniomba nimrudishe ndani.

Mvua zilipokuja, vanishi ilibabuka, maji yakapenya chini yake, mbao ikaanza kuwa nyeusi. Niliikwangua yote, nikapaka mafuta kama zamani, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Benchi halitaoza, lakini mama hataki kulikalia. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, mikono ameiweka mapajani.

Kaka bado hupiga simu. Majuzi aliuliza kwa nini siku hizi namjibu kwa mkato. Nikamweleza. Akasema, "Lakini si lilikuwa limezeeka?"

Nikakata simu.