Odin Agoma Shard End

Shemsa, dereva wa basi, aliamua kwamba wasema Kiswahili wa Birmingham wataigiza miungu wa kale wa Skandinavia, na Shemsa akishaamua, jambo limekwisha. Kisa alikipenda: majitu yanakuja kuvamia, miungu wanajua kabisa watakufa wote, na bado wamekaa karamuni wanagombana kama kamati ya harusi.

Ukumbi ukapatikana mtaa wa Shard End. Jaspal, mzee mwenye duka la vitambaa Sparkbrook, mzaliwa wa Nakuru, akawa Odin, mkuu wa miungu. Gaston wa Bukavu akawa Loki, mchokozi anayewatukana wenzake mezani. Shemsa mwenyewe akawa Thor, mungu wa radi mwenye nyundo. Matusi yake yalikuwa baridi mno, ndipo Shemsa, Mnyamwezi wa Tabora, akamwambia, "Mtukane kama mtani wako." Hakufafanua. Kwao hata mtoto anajua utani una mipaka gani.

Gaston hakujua. Siku ya onyesho, watu wakianza kuingia, walipitia sehemu ya karamu mara ya mwisho nyuma ya pazia.

"Odin, weye si mfalme," akasema Gaston. "Weye ni muuza vitambaa. Unatutuma sisi hapa kama vile tuko maboyi ya duka yako."

Hakuna aliyecheka. Jaspal aliweka mkuki chini, akatoka hadi kituo cha basi. Bila Odin hakuna karamu wala vita.

Shemsa akamfuata, nyundo ya Thor mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, hayo maneno hayakuwa kwa karatasi."

"Hayakuwamo. Mimi ndiye niliyemwambia akutanie." Akamweleza: kwao mtani huja msibani, akamsema marehemu vibaya, akaingia kaburini na kukataa kutoka, na wafiwa wakacheka huku wanalia. "Lakini huyohuyo ndiye anayepika na kuchota maji. Anayekutukana sharti akutumikie. Hilo sikumwambia."

"Na mimi ninyamaze tu?"

"Ukinyamaza umemkosea adabu. Unamrudishia."

Basi likafika, likafungua mlango. Jaspal akalipungia mkono liende.

"Atanitumikia aje?"

"Atapiga magoti akumiminie pombe."

"Chai. Mimi sinywi. Na umwambie arudie vilevile, asipunguze hata neno."

Jukwaani, mbele ya watu, Gaston alirudia neno kwa neno. Odin akainuka taratibu.

"Na wewe, Loki, ulikuja dukani kwangu kununua kitambaa cha suruali. Ulibishania bei mpaka fasheni ikapita. Piga magoti. Chai."

Watu walicheka hadi viti vikalia. Gaston akapiga magoti, akamimina huku akicheka. Ndipo majitu, yaani kwaya ya akina mama wa Kingstanding, yakavamia, na miungu wakafa kama ilivyopasa.

Ila Odin hakufa vizuri. Alilala chali akiendelea kumwambia Loki kwamba hata miguu yake haikustahili suruali, na Loki, marehemu pembeni yake, akamjibu. Ikabidi Thor, naye maiti, awaambie hao wawili wafunge midomo, pazia lishuke.