Moja Kumi na Moja

Laiti ningemkatalia mtani wangu siku ile aliponipa namba. Tulikuwa kibarazani kwangu Mafiga, mvua imetufungia, na yeye, Mnyamwezi, mwalimu mstaafu wa hisabati, alikuwa amechoka kunitania kwa habari ya kabichi. Akachukua chaki, akaandika sakafuni tarakimu za moja kumi na moja, zimesimama kama miti ya uzio: 11111111111.

"Ninyi Waluguru kugawa mnakojua ni kwa kabichi, fungu hili na fungu lile. Haya, nigawie hii bila baki. Kwa kalamu, si kwa simu."

Mke wangu alicheka, akaniambia niachane naye, karoti za mlimani zinangoja palizi. Mimi nina cheti cha kidato cha nne. Nikakubali.

Namba ile iliniudhi kuliko mbuzi wa jirani. Kwa tatu, inabaki mbili. Kwa saba, mbili tena. Kwa kumi na moja, ambayo niliapa itaingia maana hizo moja zenyewe ni kumi na moja, ikabaki moja. Nikaendelea na namba tasa moja baada ya nyingine, nikiandika kwenye mifuko ya saruji niliyoichana. Ukikosea kutoa mahali pamoja, mfuko mzima umeharibika. Palizi alipalilia mke wangu peke yake. Nilipopita elfu kadhaa nikaona inatosha. Nikaenda kwenye kijiwe cha kahawa, nikawatangazia wazee kwamba namba hii ni tasa, hakuna cha kuigawa ila moja na yenyewe.

Mtani akaweka kikombe chini. Akaandika 21649 mara 513239, akawaambia wazee wazidishe wenyewe. Wakazidisha, wakapata moja tupu, mstari mzima. Kisha akaeleza, na hapo ndipo aliponikera hasa, kwamba kigawo tasa chochote cha namba ile ukikigawa kwa ishirini na mbili lazima kibakize moja. Saba yangu, kumi na tatu yangu, kumi na saba yangu, zote zilikuwa jasho la bure.

"Huyu kazaliwa mlimani," akasema, "lakini mlima wenyewe kaupanda kinyumenyume."

Wazee wakacheka. Mtani hakasirikiwi, hata mtoto analijua hilo, na mimi nilikuwa nimemtania makubwa zaidi ya hayo. Lakini nilimwambia asikanyage tena kwangu. Alidhani natania. Nikarudia. Akainuka, akaacha kahawa yake inafuka moshi.

Baada ya mavuno mke wangu akaugua figo. Akiwa kitandani aliniambia, "Kamtake radhi mtani. Nikifa, nataka yeye alizuie jeneza langu njiani, adai chake, watu wacheke. Sitaki kuzikwa kimya kama mgeni."

Nikasema nitakwenda. Lakini kichwa changu kigumu hakikutaka kwenda mikono mitupu. Nilitaka nifike na namba ya moja kumi na saba, nimekwisha kuvipata vigawo vyake kwa kanuni ileile ya mtani, tuwe sawasawa. Nikajifungia na mifuko ya saruji. Kila mke wangu aliponiuliza, nilimjibu bado kidogo.

"Hiyo namba inaumwa kuliko mimi?" akauliza siku moja. Nikachana mfuko mwingine wa saruji.

Alifariki sijafika popote. Baadaye binti yetu aliitafuta namba ile kwenye simu kabla hata sijakaa vizuri: kigawo chake kidogo kabisa kinapita milioni mbili. Nisingekifikia kwa umri huu wala kwa mwingine.

Tulimpandisha mlimani, kwenye ardhi ya ukoo wake. Mtani wangu nilimwona ng'ambo ya barabara, amevua kofia. Hakuvuka, kwa kuwa nilimkataza mwenyewe. Jeneza likapita bila kuzuiwa, hakuna aliyecheka. Muda si mrefu akarudi kwao Tabora, na hatujasemezana tena.

Nilimpoteza mtani, na mke wangu akazikwa kimya, jambo alilonisihi lisitokee.