Plasta Juu ya Kitufe cha AC

Kwa miaka minne nilimwambia mama yangu kwamba AC ya gari langu imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa nzima, inapuliza baridi ya kukausha midomo, na mtu pekee aliyeifaidi ni mimi, tena mara mojamoja, nikiwa peke yangu na jua limenishinda.

Sababu yangu ilikuwa mafuta. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Machakos mjini, na gari langu nililinunua kwa mwalimu mwenzangu, mtu mzima aliyenikabidhi ufunguo pamoja na onyo: ukizoea AC, utazoea pia kusukuma gari. Nilimwamini bila kuuliza swali la pili. Kila mwezi mama ana siku yake ya kliniki ya presha. Namfuata nyumbani kwake Muthetheni alfajiri, namleta mjini, namrudisha alasiri, kisha narudi kwangu. Niliona nikiacha AC ifanye inavyotaka, kuna mwezi ambao safari haitakuwepo. Basi nikakata kipande cha plasta nyeupe, ile ya kufungia kidonda, nikakibandika juu ya kitufe.

“Hii ni nini?” mama aliuliza siku ya kwanza.

“Imeharibika, mwaitu. Fundi amesema nisiguse.”

Hakuuliza tena. Alishusha dirisha lake mpaka chini, akalowesha leso kwa maji ya chupa, akawa anajipangusa shingo njia nzima. Kwenye barabara ya vumbi alijifunika pua. Kwenye lami upepo ulimpiga mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka, na tukifika kliniki alikuwa mwekundu wa macho, anahema kama aliyekuja kwa miguu. Mimi nilijiona binti mwema. Nilikuwa nabana mafuta kwa ajili yake, na sikuona haja ya kumweleza zaidi ya hapo.

Halafu akaja wifi yangu.

Ni mke wa ndugu yangu mdogo, mzaliwa wa Murang'a, wanaishi Syokimau. Mwezi mmoja nilishikwa na mitihani ya watoto wa shule, siku ya kliniki ikaangukia humo humo, naye akajitolea. Nilimshukuru kwa simu kwa sauti tamu kabisa. Jioni nikampigia mama nijue walivyosafiri, nikitarajia kusikia kwamba amechoka, kwamba njia haikujulikana, kwamba mimi ndiye mimi.

“Aii, nimefika bila jasho,” mama alisema. “Hiyo gari iko na baridi mzuri. Hata sista wa kliniki amesema leo presha imeteremka.”

Imeteremka. Ningetakiwa kufurahi, maana ndiyo sababu ya safari zote, presha iteremke. Sikufurahi hata kidogo. Nilitamani ingepanda kidogo tu, kiasi cha kuonyesha tofauti. Wivu ni kitu cha aibu, unakufanya uombee mama yako presha.

Nilijituliza kwa methali: kipya kinyemi kingawa kidonda. Nikasema atachoka naye. Mwezi uliofuata nilipiga simu mapema kupanga safari, na mama akajibu polepole, kama anayebeba chai isimwagike, kwamba wifi yangu ameshamwambia atakuja. “Wewe pumzika, mwana wakwa. Umechoka.” Mimi sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimefukuzwa kazi.

Mwezi wa tatu nikaomba ruhusa shuleni nikajiunga nao. Nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi lile gari linavyokunywa mafuta, nimwambie mama huyu anaharibu, hatafika mwaka. Nilipanda nyuma. Mama mbele. Kwa miaka minne nilikuwa nyuma ya usukani na mama kando yangu, na sasa nilikaa na mfuko wa dawa magotini nikitazama visogo vyao viwili vikicheka. Wifi yangu alikuwa amejifunza salamu ya Kikamba. “Wi museo, mwaitu?” alisema, na ulimi wake wa Murang'a ukaivunja kila mahali, na mama akacheka mpaka akashika mlango. Mimi namsalimu Kikamba safi tangu nizaliwe na hajawahi kushika mlango.

Nilingoja awashe AC. Hakuiwasha. Kutoka nyumbani tulikwenda na madirisha wazi, polepole, barabara ya vumbi ikiwa na mashimo yake, na mama akisalimia kila mtu. Tulipofika sokoni wifi yangu alisimamisha gari kabisa. Pale huwa wanakaa wanawake wa mwethya wake, kile kikundi chao cha kulimiana mashamba kwa zamu, kila mmoja na kunde zake mbele. Kwetu huwezi kuwapita watu waliokulimia shamba bila kuwatolea neno. Mama alitoa mkono nje, akaulizwa habari ya mguu, habari ya mbuzi, akajibu yote, na wifi yangu akangoja na gari limezimwa.

Lori lilipokuja na wingu lake la vumbi alipandisha vioo, lilipopita akavishusha. Tulipoingia lami ndipo alipofunga madirisha yote na kuwasha AC, si ya juu, ya katikati, akabonyeza na kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani yake.

“Hicho ni cha nini?” niliuliza. Gari langu linacho. Sikuwahi kukigusa.

“Inazungusha hii hewa ya ndani, sista. Hii imeshapoa. Ukivuta ya nje kila saa, AC inaanza kazi upya.”

“Na mafuta?” Hapo ndipo nilipokuwa napataka.

Akanionyesha mshale wa mafuta kwa kidole. Ulikuwa umetulia. “Inakula, siwezi danganya. Lakini ukienda mdogo mdogo, dirisha inatosha. Ukikimbia kwa lami na madirisha wazi, upepo inaingia, inavuta gari nyuma, na injini inasukumana nayo. Unachoma mafuta tu, na bado umeungua na jua.”

Hakujua alichoniambia. Alikuwa anaeleza tu, kwa upole wake unaoudhi. Nilimtazama mama, kitambaa chake cha kichwa kimetulia pale kilipofungwa asubuhi, nikahesabu zile lami zote za miaka minne. Kwenye lami nilikuwa namwadhibu bure.

Tulipotoka kliniki saa saba, gari lilikuwa limeiva. Wifi yangu alifungua milango yote minne akatusimamisha kivulini. “Joto itoke kwanza. Nikiwasha sahi itapigana na hii yote.” Mama alimwangalia kama anavyomwangalia mhubiri anayempenda. Na kabla ya kufika nyumbani, tukiwa bado njiani, AC ikazimwa. Baridi iliyobaki ndani ikatufikisha.

Niliporudi kwangu niliing'oa plasta kwa ukucha. Nikampigia mama nikamwambia fundi mzuri amepatikana, AC imetengenezwa, mwezi ujao nakuja mimi. “Sawa,” akasema. “Nitamwambia apumzike.”

Mngeniona siku ile. Ilikuwa Februari, jua linachoma tangu saa mbili. Nilifika mapema, nikaliacha gari likinguruma langoni na AC juu kabisa, dakika kwa dakika, huku mama akitafuta kadi yake ya kliniki, akilisha kuku, akirudi kufunga dirisha la jikoni. Nilitaka aingie apigwe na baridi mpaka amsahau mtu wa Syokimau. Kivuli, milango minne, mambo ya katikati, hayo yote nilikuwa nimeyaona na nikayakataa, kwa sababu yalikuwa ya wifi yangu.

Mama aliingia, akajikunja, akajifunika mabega kwa leso. Nilifunga kila dirisha. Tulipokaribia soko aliinua mkono. “Simamisha.”

“Baridi itatoka, mwaitu.”

“Simamisha niwasalimie.”

“Tutawasalimia tukirudi.”

Nilipita. Niliwaona wale wanawake wakiinuka, mmoja ameshanyoosha mkono, halafu mkono ukarudi chini. Mama alikuwa anapunga nyuma ya kioo, lakini jua lilikuwa upande wa kioo na sidhani kama walimwona. Tukafika mji wa Masii. Hapo ndipo taa ya mafuta ilipowaka, nami nikaingia kituoni kujaza kabla hata ya nusu ya safari, jambo ambalo halikuwahi kunipata miaka yote minne.

Kliniki tulipokuwa kwenye foleni, simu ya mama ililia. Ni mmoja wa mwethya. Ana sauti ya kusikika bila simu.

“Siku hizi umekuwa mkubwa? Tunapitwa kama mawe?”

Mama alijitetea kwa aibu, watu wa foleni wanasikiliza. Kisha akaitwa kupimwa. Presha ilikuwa juu. Sista aliandika, akamuuliza kama kuna jambo limemkera leo, na mama akasema hapana, ni umri tu.

Tulirudi kwenye gari. Nilikuwa nimeliegesha juani, nikafungua milango yote minne bila kusema kitu, tukasimama kando kungoja joto litoke. Nililia hapo. Nilimwambia kwamba wifi ananichukulia nafasi yangu, kwamba mimi ndiye niliyembeba wakati hakuna aliyekuwa na gari, kwamba nimetengeneza AC kwa ajili yake na hata asante sijasikia.

Mama alinyoosha mkono ndani, akagusa kitufe. Gundi ya plasta ilikuwa bado imebaki pembeni, imeshika vumbi.

“Mwana wakwa,” alisema, “hiyo plasta umebadilisha mara tatu. Moja ulitoa kwa mfuko yangu ya dawa. Kitu imeharibika, nani anaibadilishia plasta?”

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale pale mlangoni mwa gari. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

“Ningesema ungeona haya. Na mtu akiona haya anaanza kukosa nafasi. Leo ako na kazi, kesho ako na mgeni.” Alijipangusa shingo kwa leso. “Mimi naweza joto. Kukaa kwa mlango nikingoja gari haiji, hiyo siwezi.”

Nilikuwa nimekaa miezi mitatu nikiogopa kwamba nitampoteza kwa sababu ya baridi ya gari la mtu mwingine. Yeye alikaa miaka minne ndani ya joto langu akiogopa kitu kile kile. Tulisimama pale mpaka viti vikapoa kiasi cha kukalika.

Kurudi, niliendesha kama wifi yangu alivyoendesha, kila kitu, hata kile kitufe cha mshale. Mshale wa mafuta haukusogea sana. Bado iliniuma, sitasema uongo mwingine. Tulipoacha lami nilizima AC na kushusha madirisha, na sokoni nikasimama kabla sijaambiwa.

Wanawake hawakuinuka. Walitutazama tu, mikono juu ya kunde.

Mama akatoa kichwa nje. “Mnisamehe,” aliwaambia kwa sauti ya kufika mbali. “Asubuhi madirisha ya gari ilikwama, hakuna moja ilikuwa inafunguka. Huyu binti yangu amezunguka na fundi mji mzima mpaka ikatengenezwa, ndio niwasalimie.”

Nyuso zikafunguka. Wakaja wote dirishani, wakamshika mama mikono, mmoja akazunguka upande wangu akaniletea kunde, akasema mama amebarikiwa kuwa na binti kama mimi. Nilipokea kunde. Mama hakunitazama, alikuwa anaulizwa habari ya mbuzi.