Fatiha Ilishasomwa

Dada yangu na mimi tunakaa vichochoro viwili vinavyopakana, hapa Mji wa Kale. Chumvi ikinishia nilikuwa nikienda kwake na nguo za nyumbani. Siku hizi nanunua dukani.

Yalianza na binti yake kukataa tuktuk ya shule. Kila asubuhi alilia akiung'ang'ania mlango kwa mikono miwili. Alipoulizwa, alieleza anavyoshikwa na dereva, na sote mle ndani tukajua hasemi uongo. Dada alikwenda polisi siku ile ile, nami ubavuni mwake. Dereva akakamatwa.

Kisha wakaja wazee wa upande wa dereva, na halwa, na maneno matamu kuliko hiyo halwa. Walisema kijana ameteleza. Walisema mtoto atasimamishwa mahakamani aulizwe mambo mazito, na kesho atahitaji mume. Walirudia neno sitara mpaka nikalichukia. Shemeji yangu akainamisha kichwa, Fatiha ikasomwa, mambo yakafungwa. Dada na mtoto hawakwenda kutoa ushahidi, na kesi ikafa.

Mwaka huu nikamwona yule dereva mtaa wa Tudor, nje ya shule ya watoto wadogo, ana tuktuk mpya, anawapokea mikoba yao.

Nilikwenda kwanza mahakamani, maana nilisikia iko rejista ya watu wa makosa haya, na mwenye sababu ya maana anaweza kuomba kuitazama. Karani alinieleza kwa adabu kwamba humo huandikwa aliyehukumiwa tu. Wetu hakuhukumiwa. Mbele ya sheria ni mtu safi kama mimi. Nilitoka na hasira ya kumtukana mtu, lakini wa kutukanwa hawakuwako pale. Walikuwa barazani kwetu, wanakunywa kahawa.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu wa ile shule. Mama wa watu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema dereva ana cheti cha polisi kisicho na doa, hawezi kumkatia mtu riziki kwa maneno ya mgeni. Lakini mama wa mtoto akithibitisha kwa kinywa chake, hata kwa simu, dereva hatabeba tena. Nilifurahi kama mjinga. Nikampigia dada papo hapo, simu ikiwa mezani kati yetu, spika nimeifungua, nikamweleza niko wapi na nataka nini.

Nikasikia mafuta yakichemka jikoni kwake.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu hakufanywa kitu na mtu. Huyo mdogo wangu ana mambo yake."

Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini: "Fatiha ilishasomwa. Simtie mwanangu midomoni mwa watu."

Simu ikakatika. Sikumchukia. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo haikumfaa mtu yeyote.

Mwalimu mkuu alinisindikiza getini bila kunitazama usoni. Watoto walikuwa wanatoka. Yule bwana alikwishafika, akaniamkia vizuri sana, "Shikamoo mama," na mimi sikumwitikia. Wote wakapanda isipokuwa mtoto mmoja wa kike, aliyelishika geti kwa mikono miwili, analia. Mwalimu mkuu akainama, akambembeleza, akambandua vidole kimoja kimoja, akampandisha.