Skrini ya Pili ya Mama Pasta

Nauza abonema, yaani vifurushi vya televisheni vya kulipia, hapa Likasi, na kanisani ndimi kiongozi wa waombaji. Wateja huwa nawaeleza hivi: kampuni imepandisha bei ya programu yake ya simu hadi karibu sawa na bei ya kifurushi chenye programu hiyo, dekoda na chaneli zote, ili mtu achukue vyote pamoja. Akivichukua, anapata skrini ya pili bure: mtu mwingine anatazama kwa simu yake, kwenye akaunti ile ile.

Skrini yangu ya pili haikuwa na mtu. Nikampa mama pasta, mke wa mchungaji wetu, na nikahakikisha kanisa zima limejua.

Kisha tukafunga na kuomba siku tatu. Niliamuru kila mtu azime simu na televisheni. Jumapili nikatoa ushuhuda mrefu, nikasimulia nilivyokesha magotini. Watu wakapiga makofi. Mama pasta akainua simu yake, bila hasira yoyote.

"Papa Dieudo, mbele ya kuanza kufunga, hii telefone ilisema series iko ku episodi ya mbili. Leo inasema ya kumi na ine. Miye yangu nilizimaka. Njo nani aliangaliaka ku akaunti yetu?"