Simu ya Mama Mkwe

Wagonjwa walimwita Fundi Ulimi. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenye kigugumizi, katika chumba cha mwisho cha kliniki, chenye kioo kirefu, viti viwili na feni iliyolalamika kuliko wagonjwa wote. Yeye mwenyewe maneno yalimtoka yakiteleza. Hakuna aliyejua kwamba utotoni alitumwa dukani na karatasi, kwa sababu neno "sukari" lilikataa katakata kumtoka. Hilo alilificha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka.

Duniani alibaki mtu mmoja tu aliyeweza kumrudisha kule: mama mkwe wake. Tangu siku ya posa, akisikia sauti ya yule mama, ulimi unafunga breki. Basi kila alipopigiwa simu naye, alichomoka mbio hadi nyuma ya matangi ya maji, akagugumiza huko peke yake, kisha akarudi akijifuta jasho na kusema eti ni watu wa umeme.

Alhamisi moja mbele yake aliketi mwalimu wa darasa la tatu, binti mpole, barua mkononi. Wanafunzi walimcheka, na mwalimu mkuu alimpa hadi Jumatatu achague: darasa au stoo ya vitabu. Barua ilikuwa ya kuomba stoo. Fundi Ulimi alimwambia apumue, aanze taratibu, ajitazame kwenye kioo. Binti akatikisa kichwa.

"We-we-wewe hujui," alisema. "Kwako ni ra-rahisi."

Ilimchoma, kwa sababu alijua, tena sana. Papo hapo simu ikalia. Mama mkwe. Akainuka kama kawaida yake, akafika mlangoni, akageuka na kuitazama ile barua. Akapiga moyo konde, akarudi kuketi, akaweka simu mezani na kufungua spika.

"Sh... shi... shi..."

Kijasho chembamba kikamtoka. Binti akakodoa macho. Yule mama hakumalizia neno wala hakuuliza kama mtandao umekatika. Alingoja tu, kama alivyongoja miaka yote kumi na minne.

"...shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapo?"

Binti alikuwa ameziba mdomo, anacheka huku machozi yanamtoka. Lakini adabu haikumruhusu kukaa kimya mtu mzima akiwa kwenye simu. Akaisogelea.

"Shi... shi..."

Yule mama akangoja tena, bila haraka yoyote.

"...shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu ni mkwe wangu yupi tena?"

Walicheka hadi daktari wa meno wa chumba cha pili akagonga ukuta. Barua ile Fundi Ulimi aliikunja akaisokomeza chini ya mguu wa feni.

Jumatatu binti aliingia darasani, akawaambia watoto kwamba maneno yake mengine huchelewa, na watayasubiri. Mtoto wa mbele akauliza watasubiri mpaka saa ngapi.

"Mpaka ya-yatoke," alisema mwalimu, akachukua chaki.