Gemu ya Lori ya Fundi Oswaldi

Bertilla alipofariki mwaka 1997, mumewe Oswaldi alikuwa na banda la ufundi redio pale Chanji, mjini Sumbawanga. Nyuma ya pazia la banda hilo kulikuwa na televisheni moja na mashine ya gemu iliyonunuliwa Tunduma. Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kumiminika Sumbawanga: mitumba, redio za Kichina, kanda za video. Bertilla ndiye aliyeona mapema pa kupatia riziki. Alikuwa akishusha mitumba bondeni Mtowisa na kupanda mjini na mchele, na ndiye aliyemwambia mumewe kwamba vijana wa mjini watalipia kucheza kama wanavyolipia soda.

Alifia kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa, njia ya kushukia bondeni. Breki za lori zilikatika wakishuka, gari likaenda kugonga mwamba upande wa mlima. Bertilla alikuwa amekaa mbele na dereva, na wote wawili walikufa palepale. Waliokuwa juu ya mizigo walivunjika mikono na mbavu, lakini walipona.

Dereva aliitwa Maganga, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao. Msibani watu walisema mengi. Mmoja alisema alikuwa amekunywa. Mwingine alisema dereva mwenye akili hawezi kuiacha barabara pana akaufuata mwamba. Oswaldi aliyasikia yote akayaweka moyoni. Hakwenda kwenye maziko ya Maganga, wala hakutuma mtu kutoa pole.

Baada ya arobaini alifungua banda tena, ila maneno yalikuwa yamempungukia. Umeme wa mji ulikuwa wa kukatika kila mara, na ukikatika vijana waliondoka wakilalamika. Kwa muda mrefu alikuwa na wazo la kutengeneza gemu ya betri, na mkewe alizoea kumcheka kwa hilo. Sasa aliifanya kweli.

Alichukua pipa dogo la bati, akalilaza juu ya vyuma viwili, akalifungia mota ya redio kaseti ili lizunguke taratibu. Juu ya bati alibandika ukanda wa mpira wa tairi, umekatwa kona kona kama barabara ya mlimani. Mchezaji alishika usukani mdogo uliovuta sindano ya waya, na juu ya sindano kulikuwa na lori dogo la bati lenye taa mbele na nyuma. Sindano ikibaki juu ya mpira, kimya. Ikitoka nje ikagusa bati, umeme unapita, kengele inalia, na taa za lori zinazimika zote.

Vijana waliipokea kwa shangwe. Yusto, fundi cherehani mwenye mikono myepesi kuliko wote, alicheza hadi wenzake wakamvuta shati. Lakini kulikuwa na kona moja mbaya. Kabla ya kuifikia, Oswaldi alikuwa ameweka msumari uliogusa waya mwingine, mota ikapata nguvu zote kwa ghafla. Pipa liliruka mbio, na hakuna sindano iliyoweza kuufuata mpira pale. Hata Oswaldi mwenyewe, aliyeitengeneza, hakuwahi kupita.

Siku moja Yusto aliachia usukani.

"Shikamoo mzee Oswaldi, naomba usikasirike. Gemu yako inaonea."

"Marahaba. Inaonea vipi?"

"Hii ya kwenye televisheni inanifunga kila siku, lakini nikifungwa najua nilipokosea. Nasema nikirudia nitarekebisha. Hii yako hata nikifanya vizuri, kengele inalia tu."

"Na barabara ile nayo inaonea," Oswaldi akajibu.

Yusto akaangalia chini. "Tunajua, mzee. Ndiyo maana tunakuja hapa, tupumzike nayo."

Alikuwa amesema jambo ambalo Oswaldi alilijua vizuri. Alikuwa amekaa nyuma ya vijana wale muda mrefu, akaona kinachowafanya waombe kurudia. Hawakupenda gemu laini. Hiyo waliichoka mara moja. Walipenda ngumu, mradi iwe inawasikiliza mikono. Alijua hayo, lakini kila aliposhika koleo aung'oe ule msumari, mkono ulikataa. Ilikuwa ni kama akiung'oa atakuwa amesema hakikutokea kitu. Vijana wakarudi kwenye televisheni, na pipa likabaki pembeni.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja usio na umeme, mwanamke mmoja aliingia na redio iliyofungwa kwenye kanga. Lafudhi yake ilikuwa ya Kisukuma. Oswaldi alipokuwa akiifungua ile redio, mwanamke alilisogelea lile pipa akaufuatisha mpira kwa kidole.

"Hii ni njia ya kwetu," alisema. "Hapa ndipo unapoanza kuliona bonde."

"Unatoka Mtowisa, mama?"

"Natoka huko. Naitwa Kabula. Mume wangu alikuwa dereva, Maganga."

Oswaldi aliweka bisibisi mezani. Alitaka kumwambia achukue redio yake aende. Badala yake sauti ilimtoka ikiwa ndogo: "Mimi ni mume wa Bertilla. Yule mama aliyekaa mbele."

Kabula alikaa kwenye benchi la wachezaji. Aliliangalia pipa. Kisha akauliza linachezwaje, na Oswaldi, kwa kukosa jingine la kufanya, akaliwasha.

Kabula alicheza polepole, hakukosea hadi pale penye msumari. Pipa liliporuka, hakujaribu kuifuata kona kama walivyofanya vijana. Alikata usukani kwa nguvu upande wa mlima. Kengele ikalia, taa zikazimika.

Akarudia. Mara hii alikata upande wa pili, kwenye korongo. Kengele ikalia, taa zikazimika.

"Fundi," alisema, "kwako wewe mwamba na korongo ni kitu kimoja."

"Si kote ni kushindwa?"

"Sivyo. Waliokuwa juu ya mizigo wamenisimulia. Breki zilipokwisha mume wangu alipiga kelele washike kamba. Mkeo naye akatoa kichwa dirishani, akawa anawaitia hivyohivyo, shikeni, shikeni. Kona ile ilikuwa haikatiki. Kulikuwa na korongo na kulikuwa na mwamba. Angekwenda korongoni, leo wote wangekuwa makaburini. Akachagua mwamba, ili pigo liwe la wao wawili waliokaa mbele."

Mwaka mzima Oswaldi alikuwa hajui kwamba mke wake alisema neno lolote mwishoni, kwa sababu hakuwahi kumwuliza mtu. Alilia mbele ya yule mgeni bila kujificha, na Kabula akajifunika uso kwa kanga ile aliyobebea redio.

Kabula alipoondoka na kuiacha redio yake, Oswaldi alilifungua pipa lote. Aliutenganisha upande wa mlima na upande wa korongo, kila mmoja na bati lake na waya wake. Lori likianguka korongoni, taa zote zilizimika. Likigonga mwamba, zilizimika mbili za mbele, za nyuma zikabaki zinawaka. Msumari hakuung'oa. Ila kabla ya kona ile, upande wa juu, alibandika kipande kingine cha mpira, kijia chembamba kinachopanda mlimani, ambacho mtu mwepesi angeweza kukiwahi. Alisita sana kabla ya kukibandika. Njia ile haikuwepo kwenye mlima wa kweli. Mwishowe aliona kwamba mlima tayari ulikuwa umefanya vyake, na gemu ni ya hawa wanaokuja kucheza.

Vijana walirudi mmoja mmoja. Sasa walibishana. "Umekata mapema mno!" "Heri mlimani, umebakiwa na watu!" Hakuna aliyewaambia taa zile ni nani, lakini walizihurumia. Yusto aliuliza kama kuna namna ya kubaki nazo zote.

"Ipo," Oswaldi alisema. "Itafute."

Yusto aliitafuta hadi msimu wa kuvuna ulezi. Siku alipokiwahi kile kijia, lori likapanda, mota ikapoa, taa zote zikabaki zinawaka, banda zima lililipuka kwa kelele na watu wakatoka maduka ya jirani kuuliza kuna nini. Oswaldi alizitazama zile taa, kisha akatoka nje akasimama peke yake mpaka kelele zikatulia.

Kiangazi hicho alishuka Mtowisa, mara yake ya kwanza tangu msiba, akiwa na ile redio iliyotengenezwa. Kabula alimpeleka kwenye kaburi la Maganga, lililozungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasilikanyage. Oswaldi alisimama pale kofia mkononi, akatoa pole aliyopaswa kuitoa zamani. Sehemu moja ya uzio ilikuwa imelala. Wakaiinua pamoja.

Baada ya chakula, Kabula aliagiza aitwe mzee mmoja aliyekuwa juu ya mizigo siku ile. Alikuja akichechemea, akaketi, akaeleza tangu walipoondoka Sumbawanga asubuhi: utani wa Bertilla na abiria, upepo, lile bonde lilivyoonekana, na sauti yake dirishani. Oswaldi alimsikiliza bila kumkatiza. Mzee alipomaliza, Oswaldi akamwomba aanze tena.